Safu moja ya jinsia, maswali manne

Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nataka tuzungumze juu ya safu moja tu ya hifadhidata, ile inayoitwa "jinsia". Inachukua herufi mbili, ME au KE. (Ukitumia herufi moja tu, mume na mke wote wanakuwa M, na hapo kazi imekwisha kabla haijaanza!) Pamoja na udogo wake, nimeiona safu hii ikigombanisha watu kuliko uchaguzi mkuu.

Mwaka jana timu yetu ilipewa kazi ya kuunda upya programu ya kusajili wagonjwa katika kliniki moja. Programu ya zamani ilikuwa haihifadhi rekodi mpaka uchague ME au KE. Nesi mkuu, mama wa Mombasa ambaye sote tulimwita Mama, alitusimulia kuhusu mtoto mchanga aliyeletwa akiwa na homa kali. Daktari hakuweza kusema kama ni mvulana au msichana. Skrini nayo ikakataa kwenda mbele. Basi wakabonyeza ME ili mtoto apate dawa. Tangu siku hiyo kila karatasi ya mtoto yule ikatoka imeandikwa ME, ingawa daktari mwenyewe hajawahi kuamua. Mashine ndiyo iliyoamua.

Tukapendekeza chaguo la tatu. Lo! Ofisi iliwaka moto. Mmoja akasema Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, basi. Mwingine akataja Katiba. Wa tatu akasema haya ni mambo ya Wazungu, kesho mtatuambia wanaume waingie vyoo vya wanawake. Dakika kumi baadaye tulikuwa tumekwenda Marekani na kurudi, na mtoto mwenye homa hakuna aliyemkumbuka.

Sasa sisi tuliosomea kompyuta tuna desturi moja. Watu watatu wakiendesha programu ileile na kupata majibu matatu, kwanza unaangalia kama wameingiza kitu kimoja. Nilipowasikiliza wenzangu niliona kila mmoja alikuwa ameingiza chake. Neno "jinsia" lilibeba maswali manne. Mwili wa mtu ukoje? Karatasi zake zinasemaje? Yeye mwenyewe anajitambuaje? Na je, dini na sheria zinaruhusu nini? Kila mtu alijibu swali lake, kisha akamwita mwenzake mwongo.

Tuchukue la mwili. Mwaka 2009 alizaliwa mtoto hapa Kenya, na katika karatasi za hospitali, mahali pa jinsia, pakawekwa alama ya kuuliza. Kesi yake, iliyojulikana kama ya Mtoto A, iliamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2014, na serikali ikatakiwa ieleze ni nani atakayekusanya takwimu za watu kama yeye. Jopokazi likaundwa mwaka 2017. Kisha ikaja sensa ya Agosti 2019. Nilijumlisha hesabu zake mwenyewe: wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716, jumla 47,562,772. Lakini watu waliohesabiwa walikuwa 47,564,296. Tofauti ni watu 1,524. Hao ndio huntha, watu waliozaliwa na maumbile yasiyoingia moja kwa moja katika ume au uke. Kwa mara ya kwanza sensa yetu iliwapa mahali pao. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inamtambua mtoto wa namna hiyo.

Yule aliyesema ni mambo ya Wazungu alijibiwa na Mama. "Wanangu, neno huntha mmelitoa wapi? Si la Kizungu hilo. Masheikh wamelizungumza miaka na miaka katika mirathi, maana lazima ijulikane mtu kama huyo atarithi fungu gani." Ni kweli. Wanazuoni wa fikihi walilijadili suala hilo karne nyingi kabla ya tarakilishi.

Swali la karatasi ni jingine kabisa. Mwaka huohuo wa 2014 Audrey Mbugua, aliyezaliwa akaandikishwa kama mvulana na anayeishi kama mwanamke, aliishinda KNEC katika Mahakama Kuu. Mahakama iliamuru apewe cheti cha KCSE chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Hoja iliyonivutia ni nyepesi: maksi za mtihani hazitolewi kwa jinsia. Ukiiondoa safu ile, cheti kinabaki cheti. Mahakama haikulazimika kumaliza ubishi wa dunia nzima kuhusu mwanamke ni nani. Ilitazama safu ile ina kazi gani pale.

Hilo ndilo swali ninaloliuliza siku hizi: safu hii ina kazi gani hapa?

Lijaribu katika "kabila", maana hapo ndipo sisi Wakenya huchomeka zaidi. Baada ya damu iliyomwagika 2007 na 2008, wengi walitamani neno hilo lifutwe kila mahali. Lakini sheria ya utangamano wa kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Utaijuaje thuluthi bila kuhesabu? Kwa hiyo katika takwimu za waajiriwa wa serikali safu ya kabila ina kazi. Katika fomu ya mgonjwa wa malaria haina kazi yoyote, isipokuwa kumpa mtu sababu ya kukuchelewesha kwenye foleni. Safu ni ileile, na jibu linageuka kwa sababu kazi imegeuka.

Kliniki tuliimalizia hivi. Safu ya maumbile ni ya daktari, na inaruhusu "bado haijajulikana". Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 5218 kina 0 kwa asiyejulikana, 1 kwa mume, 2 kwa mke na 9 kwa pale swali lisipohusika. Safu ya pili inauliza mgonjwa angependa aitweje, na si lazima ijazwe. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilitusaidia: ujumbe wote wa simu tuliandika kwa "yeye" na "wake", wakati Kiingereza mara nyingi kingetulazimisha kuchagua.

Je, tulikubaliana? Hapana. Mwenzangu aliyeanza na Biblia aliikubali safu ya daktari bila taabu, kwa kuwa hakuna aliyemtaka abadili imani yake. Ile ya pili haipendi mpaka leo. Anasema kumwita mtu atakavyo ni kukubali jambo asiloliamini. Mimi nasema mgonjwa akiona jina analolikataa linaitwa mbele ya foleni, safari ijayo hatakuja, atabaki nyumbani na ugonjwa wake. Huo ni ubishi wa kweli, wala hifadhidata haiwezi kuumaliza. Tunauendeleza wakati wa chakula cha mchana, na hatujaacha kula meza moja.

Kwa hiyo safari ijayo mjadala ukiwaka, iwe ni jinsia, kabila au vyama, jaribuni kwanza kuuliza kila mmoja anajibu swali lipi. Mtashangaa ni mangapi yanayoanguka yenyewe, na machache yanayobaki yatakuwa yale yanayostahili kubishaniwa.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza jinsi tulivyohamisha rekodi za zamani bila kupoteza hata moja, pamoja na ile ya mtoto wa Mama. Wasalaam.