Chura aliyegoma kula, na kijiko cha uji

Nilipofika Mlingotini Jumamosi ile ya Aprili, mtoto wa dada yangu hakukimbia kunipokea mkoba kama alivyozoea. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, mbele ya beseni lililofunikwa kwa kipande cha chandarua chakavu.

"Shikamoo mama mdogo," alisema bila kugeuka. "Bonge hali."

Bonge ni chura. Mnene, wa kijani, mdomo umepasuka toka shavu hadi shavu. Kijana alimwokota kwenye dimbwi masika yalipoanza, siku moja kabla baba yake hajaondoka kwenda dago. Baba mtu ni mvuvi, na akienda dago huchukua miezi. Alimtazama yule chura, akacheka, akamwambia mwanawe: "Haya, mtunze mpaka nirudi."

Kwa mtoto wa miaka minane, hayo si maneno ya mzaha. Baba amekabidhi kazi. Bonge akifa, baba ataambiwa nini?

Ndani ya beseni kulikuwa na tonge la ugali, wali, dagaa wa chumvi na kipande cha chapati. Vyote havijaguswa, na inzi wameshajaa. Kijana alikuwa ameshika kijiko.

"Nimkabe?" aliniuliza.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kwetu hilo linatosha kunifanya daktari wa kila kitu: bibi ananiuliza presha, jirani ananiuliza mgongo, na sasa chura. Nikamwomba aweke kijiko chini kwanza, nikatoa simu.

Chakula chenye mwendo

Maelezo mengi niliyoyapata yalihusu chura mwenye pembe wa Amerika Kusini, ambaye Marekani, Ulaya na Japani watu humfuga ndani ya nyumba kama sisi tunavyofuga paka. Hizo "pembe" ni ngozi tu iliyochongoka juu ya macho. Wafugaji wamembandika jina la Pac-Man, yule mla-kila-kitu wa mchezo wa kompyuta, maana naye ni mdomo mtupu. Kijana aliitazama picha akasema, "Huyu ni Bonge kabisa, ila kavaa pembe."

Hakukosea sana. Bonge anafanana na chura ambaye wataalamu humwita Pyxicephalus edulis, anayepatikana pia ukanda wetu wa pwani. Si ndugu wa karibu wa yule wa pembe, lakini namna yao ya kutafuta riziki ni moja. Hujifukia kwenye udongo laini, macho tu yakabaki nje, wakangoja. Kikipita kitu kinachojongea na kinachoenea mdomoni, kimekwisha.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Chura wa aina hii hutambua chakula kwa mwendo. Ugali hautembei. Dagaa mkavu hatembei, na chumvi yake ni madhara juu ya madhara. Bonge hakuwa anaringa. Hakujua kwamba pale mbele yake kuna chakula.

Tulichimba nyuma ya bafu, kwenye udongo wenye maji, tukapata nyungunyungu watatu. Kijana alitaka kumshikisha Bonge kwa vidole, nikamzuia, kwa sababu chura huyu ana vitu kama meno kwenye taya la chini na huuma kwelikweli. Tulichonga kijiti kirefu, tukamning'iniza nyungunyungu mbele yake, tukamtikisa kidogo.

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu kichwa kiligeuka taratibu. Halafu, paa! Nyungunyungu hayupo.

"Kafumba macho!" kijana alipiga kelele.

Ndivyo vyura wanavyomeza. Macho huzama ndani ya kichwa na kusaidia kusukuma chakula kooni. Tangu siku hiyo kila mtoto wa mtaa wetu alikuja kumwona Bonge akila kwa macho.

Tuliandika masharti kwenye karatasi ya daftari, tukayabandika ukutani kwa gundi ya ugali. Panzi, nyenje na nyungunyungu, kwa kubadilisha, maana mdudu wa aina moja kila siku hatoshelezi. Asiwe mkubwa kuliko upana wa kichwa cha Bonge. Mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha chura mkubwa, kwani hawa hawajui kusema nimeshiba, na wa kufugwa huharibiwa na unene. Wadudu wasitoke kwenye bustani iliyopigwa dawa. Kilichobaki kitolewe.

Na maji. Chura hanywi kwa mdomo, hufyonza maji kwa ngozi. Kwa hiyo maji yenye chumvi, ambayo pwani tunayo tele, kwake ni sumu. Kijana akaanza kukinga maji ya mvua.

Wa Kihansi pia walisumbua

Kama unaona ni mchezo wa watoto, kumbuka vyura wa Kihansi. Wale waligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wadogo kiasi kwamba mkubwa wao hazidi sentimita 3 hivi. Maji yalipoelekezwa kwenye mtambo wa umeme, manyunyu yaliyowalea yakapungua. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kuokolewa, na huko nako wakafa kwa wingi kabla watunzaji hawajapatia unyevu, mwanga na chakula chao. Walilishwa wadudu wadogo mno, wakiwamo inzi wa matunda. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka kwenye makazi yao ya asili. Mwaka uliofuata vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Nilimsimulia kijana habari hizo usiku, umeme ukiwa umekatika. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hata wazungu waliwakosea chakula?" Nikamwambia ndiyo. Nadhani alilala vizuri zaidi.

Kikombe cha mdogo wake

Asubuhi yake niliona jambo lililonitoa jasho. Nyungunyungu wa akiba walikuwa ndani ya kikombe cha plastiki cha mdogo wake, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Kikombe hichohicho cha uji.

Mzazi, hili usilichukulie poa. Vyura wanaweza kubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua. Marekani, kati ya 2009 na 2011, zaidi ya watu 200 waliugua kwa sababu ya vyura wadogo wa kufugwa majini, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka 10. Huanza na kuhara, homa na tumbo kukaza, na kwa mtoto mdogo kuhara ni jambo la kukimbilia kituo cha afya.

Kikombe kilitupwa. Beseni likahamishwa mbali na jiko. Sharti la mwisho likaandikwa kwa herufi kubwa: MIKONO, SABUNI, MAJI YANAYOTIRIRIKA, KILA UKIMGUSA BONGE. Maji ya beseni yasimwagwe karibu na vyombo. Na mdogo mtu haruhusiwi kumgusa Bonge hata kidogo.

Bonge agoma tena

Nilirudi Juni. Masika yameisha, upepo wa kusi unavuma, asubuhi kuna kibaridi. Safari hii kijana alinipokea akiwa analia. Bonge amejifukia na hataki kitu. Nyungunyungu katikiswa, panzi karukishwa, wapi!

Kabla sijamjibu, nilisikia kelele za mtoto uani.

Dada yangu analima mwani. Mwani haufuati saa ya ukutani, unafuata maji. Ilikuwa bamvua, maji yanakupwa mapema, wenzake walishatangulia na kamba zao. Alikuwa amemlaza mwanawe mapajani, mikono ameibana, pua ameishika, uji unamiminwa. Kumkaba, kama tunavyoita. Mtoto akivuta pumzi, uji unaingia.

Ghafla kelele zikakatika. Mtoto alipaliwa. Macho yakatoka, midomo ikabadilika rangi. Dada akamgeuza kifudifudi, akampiga mgongoni, mara tatu, mara nne. Uji ukatoka, kilio kikarudi. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Nimeandika kuhusu jambo hili gazetini zaidi ya mara moja. Naijua hatari yenyewe: uji ukipita njia ya hewa huweza kuziba pumzi au kuleta nimonia. Ninayajua mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 alishwe kwa kufuata dalili zake za njaa na shibe. Lakini dada yangu ni mkubwa wangu. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye kamba zake za mwani. Nilianzaje kumfundisha kulea? Basi miezi yote hiyo niliona, nikanyamaza.

Aliyesema ni kijana. "Mama, ukimkaba atakufa. Hata Bonge mama mdogo alinikataza kumkaba."

Uani kukawa kimya. Bibi akaguna: "Nyie wote mlikabwa, na mko hapa." Dada akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. "Haya, nilishe vipi, na maji yananiacha?"

Lilikuwa swali la haki. Makala zangu hazikuwahi kulijibu.

Tulikaa tukapanga. Siku za bamvua mtoto ale kidogo akiamka, kingine abaki nacho bibi. Uji uwe mzito, uongezwe unga wa karanga, ili vijiko vichache vitoshe. Akae wima. Kijiko kingoje mdomo ufunguke. Akigeuza uso, pumzika, jaribu baadaye. Ziwa liendelee. Na mtoto anayekula vizuri akikataa ghafla, akiwa na homa, vidonda mdomoni au ananyong'onyea, huyo si mkaidi. Apelekwe kituo cha afya.

Jioni tukamrudia Bonge. Nilimweleza kijana kwamba vyura wa aina yake ni wa msimu. Mvua ikikatika hujifukia, hulala miezi bila kula, huamka udongo ukilowa. Hakuwa mgonjwa. Msimu wake ulikuwa umekwisha. Nikamwambia na la pili, ambalo ningelisema tangu Aprili: mnyamapori si wa kuokotwa na kufugwa nyumbani, sheria inataka kibali. Tulimrudisha palepale alipookotwa, kando ya dimbwi, kwenye udongo uliobaki na unyevu. Alianza kuchimba kwa miguu ya nyuma, akazama kinyumenyume huku anatutazama.

Tulimpigia baba simu. Kijana aliongea kwa sauti ya mtu anayesubiri kugombezwa. Baba akacheka. "Chura akilala hajafa, mwanangu. Vuli ikinyesha tutamsikia."

Dada bado ana siku za haraka, na bibi bado anaguna. Ila wiki iliyopita alinitumia video fupi. Mtoto amekaa kwenye mkeka, uji umempaka hadi kwenye nyusi. Kijiko kiko hewani, kinangoja. Kinangoja sana. Halafu mdomo unafunguka.