Shujaa wa Kongo aliyechorwa Marekani

Leo siandiki habari za barabara wala bei ya muhogo.

Mtoto wa shangazi yangu, aliyetoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Marekani, alinitumia kwa simu picha za kitabu cha katuni kiitwacho Batwing. Kilianza kutoka mwezi wa 9 mwaka 2011. Mwandishi ni Judd Winick, mchoraji ni Ben Oliver. Shujaa wake ni Mkongomani, David Zavimbe. Kazi yake ni polisi, lakini akivaa mabawa yake anapambana na waovu, kwa msaada wa Batman. Jina Zavimbe sijalisikia hapa Fizi hata siku moja, lakini tuendelee.

Jioni niliwaonyesha watoto wa familia zilizokimbia vita. Simu moja, vichwa kumi na viwili. Maneno ni ya Kiingereza, basi nikawa nawaeleza kwa Kiswahili. Kijana mmoja akauliza: "Yaya, huo muji wa Tinasha uko upande wa Kalemie ao wa Bukavu?" Nikamjibu hauko popote, umebuniwa. Akanyamaza, kisha akasema: "Na bakadogo, nao hawako popote?"

Maana David na ndugu yake Isaac walikuwa yatima, wakachukuliwa na jenerali mmoja wakiwa watoto, wakapewa silaha. Neno kadogo sisi tunalijua tangu vita vya AFDL, 1996. Na mwaka 2012 mahakama ya kimataifa kule La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 kwa kuwaingiza watoto wa Ituri jeshini. Hapo kitabu hakikudanganya.

Mbele zaidi inajulikana kwamba adui mkubwa wa David, anayeitwa Massacre, ni Isaac mwenyewe. Nilipofika hapo nilizima simu.

Mdogo wangu alichukuliwa porini akiwa na miaka 14. Alirudi baada ya miaka 3. Akienda kuchota maji, wengine walikuwa wanaondoka na ndoo zao tupu. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba na ndizi kichwani, akiomba msamaha kwa mambo ambayo hata hakuwa na hakika kama mtoto wake aliyafanya. Nyumba nyingine hazikumfungulia. Alirudia wiki iliyofuata.

Katika kurasa nilizonazo sikumwona mama wa namna hiyo. Kuna mabawa, kuna vifaa vya Batman. Mwaka 2013 David aliyavua mabawa, akayavaa Mmarekani, Luke Fox. Watoto walikasirika sana! Mimi sikushangaa: Che Guevara naye alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa 4 mwaka 1965, jina la Lulimba limo katika maandishi yake, na mwezi wa 11 akavuka tena kurudi.

Mdogo wangu sasa anaendesha piki ya abiria barabara ya Misisi. Juzi aliomba simu, akaangalia picha zote polepole, hata za mapigano. Akauliza kitu kimoja tu: kama kuna ukurasa ambapo Isaac anarudi nyumbani. Nikamwambia sina matoleo yote. Akaniomba nimwandikie mtoto wa shangazi atume yaliyobaki.