Chetezo cha Daraja Mbili

Vyombo vya mawe ya Kisii twavijua sisi watu wa Mombasa kwa kuvikuta vimepangwa madukani, bei imekwisha pandishwa na mikono mingi. Basi nilipofika Daraja Mbili, soko kuu la mji wa Kisii, nilinuia kupata chetezo cha udi kwa bei ya huko huko. Nilikipata kimoja, cheupe chenye mishipa ya rangi ya waridi. Muuzaji alitaka shilingi 600. Nikambishia mpaka 300, nikaona nimeshinda.

Kesho yake nikapanda matatu hadi Tabaka, Mugirango Kusini, lichimbwako jiwe lenyewe. Wanaume hulichimba kwa mikono na kulichonga kwa panga na patasi. Ulaini wake hasa watoka kwa wanawake. Huketi mbele ya karai la maji, wakasugua kwa msasa wa kukwaruza, kisha mwembamba, kisha mwembamba zaidi, hata chombo kiteleze kiganjani. Ndipo hupakwa nta.

Mama mmoja, vidole vimekunjamana kwa maji, alikipokea chetezo changu akakigeuza-geuza.

“Hiki kimesuguliwa na mtu mwenye subira,” akasema. “Umekinunua kwa ngapi, mama?”

Ulimi ulikuwa mzito. Nikamwuliza vyake ni bei gani, nikanunua viwili kwa bei aliyoitaja, pasi na kubishana.

Vyote vitatu viko sebuleni kwangu. Kile cha 300 bado sijakitia kaa.