Gunzi Katika Mdomo wa Hita

Huku kwetu Njombe baridi ya mwezi wa Julai si ya kuchezea, wala mtoto mchanga hawezi kuogeshwa kwa maji kama yatokavyo bombani. Kwa hiyo mwaka jana nalinunua hita ya umeme ya lita 50, ikatundikwa ukutani jikoni. Majirani walikuja kuitazama, nami, nakiri, nalipenda waitazame.

Hata mvua za Desemba zilipoanza, ile vali ya usalama iliyo chini yake ikaanza kudondosha maji, tone baada ya tone, mchana na usiku. Ukuta ukalowa, chokaa ikabanduka. Mtu mmoja afanyaye kazi ya mabomba akaniambia, "Mwalimu, ziba tu hicho kitundu, yatanyamaza." Nikatwaa gunzi la mahindi, nikalizungushia kitambaa, nikalishindilia katika mdomo wa vali, kisha nikalikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Maji yakanyamaza kweli.

Usiku, tulipokuwa tukila, mke wangu akauliza, "Baba Neema, yale maji yaliyokuwa yakitoka, sasa yanakwenda wapi?"

Tonge likanikaa mkononi. Juma lile lile nalikuwa nimeandika ubaoni, mbele ya darasa la sita, kwamba maji yakipashwa moto hutanuka. Watoto walinakili, aliyeandika ndiye ambaye hakusoma. Nikaondoka mbio nikazima swichi. Gunzi sikuthubutu kuligusa, maana maji ya ndani yalikuwa ya moto sana, nami sikutaka yanirukie usoni. Mtoto tukamlaza chumba cha mbali, nami nikakesha nikipiga hesabu.

Lita 50 zikipashwa kutoka digrii 15 hata 60 huongezeka kwa karibu desilita 8. Hita yangu ina kizuizi kisichoacha maji yarudi bombani. Basi ziada ile haina njia ila vali, nayo imeandikwa baa 8, maana msukumo ukifika hapo hujifungua yenyewe. Ukiiziba, tangi ndilo libebe mzigo wote. Na kidhibiti joto nacho kikiharibika, maji yaliyobanwa hupita digrii 100 pasipo kuchemka. Siku tangi litakapopasuka, sehemu yake itageuka mvuke mara moja, na lita moja ya maji ikigeuka yote hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Denis Papin, Mfaransa, alieleza vali ya namna hii katika kitabu cha mwaka 1681, kwa ajili ya chungu chake cha kulainishia mifupa. Nami, baada ya miaka yote hiyo, nalikuwa nimeiziba kwa gunzi!

Kulipokucha tangi lilikuwa limepoa, nikalichomoa. Ndipo nikaanza kuuliza kwa utaratibu, kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Umeme umezimwa, maji ni baridi, na bado yanadondoka. Basi si kutanuka. Je, ni msukumo wa bomba? Tangi la kijiji liko mlimani, kiasi cha mita 40 juu yetu, na kila mita 10 ni karibu baa 1. Basi ni baa 4 tu. Likabaki jambo moja, uchafu. Nikainua kile kikono cha vali, maji yakabubujika ya kahawia, yenye punje za mchanga, kwa kuwa mvua zilikuwa zimechafua chemchemi. Nikarudia mara tatu. Matone yakakoma.

Nikawasha swichi. Baada ya nusu saa, matone tena! Moyo ukanianguka; hata hivyo nikakinga jagi. Maji yalipokwisha kupata moto, matone yakakoma, na ndani ya jagi hayakufika lita moja. Hesabu ya usiku ilikuwa sawa: vali ilikuwa ikifanya kazi yake. Nikaifungia mpira wa kutoa maji nje, unaoteremka, mdomo wake wazi. Sasa kila mwezi nazima umeme, naacha maji yapoe, kisha nainua kile kikono.

Yule mtu wa mabomba nalimweleza yote, bila hasira. Akanyamaza kidogo, kisha akataja nyumba mbili nyingine alizoziba. Tulikwenda jioni ile ile.