Kipimo cha Pumzi

Pumzi ni mali isiyohesabiwa na mwenye nayo. Usiku mmoja wa Julai, katika baridi ya Ndalambo, nilikesha na mtoto wa dada yangu mwenye pumu. Kifua chake kililia kama filimbi, na mbavu zilibonyea kila alipovuta hewa.

Kulipokucha, nilikumbuka dodoso lililochapishwa Marekani mwaka 2004 na Michael Seid na wenzake. Maswali yake 39 hupima vizuizi vya matibabu ya watoto wenye maradhi sugu katika mafungu 5: safari na gharama, maarifa na imani, matarajio, ustadi wa mzazi, na kutengwa. Nilimfasiria dada yangu. Nilipouliza kama hospitali ni mbali, alijibu:

“Masika au kiangazi, kaka?”

Karatasi ilitaka jibu moja. Njia yake ilikuwa na mawili. Walakini kipimo hakikuwa bure, maana swali la kutengwa lilimliza. Aliwahi kufokewa katika zahanati moja kwa kuchelewa, asirudi tena. Kizuizi hicho hakimo katika ramani.

Mwaka 1999 wataalamu wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikiunganishwa vema na pampu ya pumu, humfikishia mtoto dawa sawa na chombo cha kununua. Dada yangu alikuwa na chupa tele. Wa kumwambia hakuwapo.

Basi apimaye na ajifunze kwanza lugha ya apimwaye. La sivyo atapima karatasi, na mtoto atabaki akitafuta pumzi.