Kuteremka Bonde la Ufa kwa Pikipiki

Kutoka Nairobi mpaka Nakuru ni mwendo wa kilomita 160 hivi, na mtu aliyeketi ndani ya basi huweza kuupita mwendo huo wote akisinzia, asijue ni wapi alipoiacha milima na ni wapi alipoingia bondeni. Mwendeshaji wa pikipiki hana nafasi hiyo. Kila kilima hukisikia katika sauti ya injini, kila upepo humgusa kifuani, na kila shimo la barabara humpa salamu mgongoni. Kwa hiyo waliopita njia hiyo kwa magurudumu mawili huijua kuliko abiria yeyote. Nayo njia huwaadhibu upesi wale waingiao bila matayarisho.

Safari ya namna hii huanza kabla ya siku yenyewe. Katika Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ile iliyokuwa ikiitwa Grogan zamani, yako maduka mengi ya vipuli, na mwenye pikipiki hupata huko karibu kila kitu akitakacho. Shida ni kwamba vitu vya bandia hukaa rafu moja na vitu vya kweli, na tofauti ya bei hupotosha watu wengi. Mnyororo hafifu hurefuka upesi na kuyala meno ya magurudumu yake. Viatu vya breki vya bandia hutumika bila lawama mjini, ambako mtu husimama mara moja moja na ngoma ya gurudumu hupata nafasi ya kupoa, lakini mteremko mrefu huvifichua. Kama fedha ni chache, heri mtu aache mapambo, yaani taa za kumetameta, mashada ya usukani na kitambaa cha manyoya cha kufunika kiti, akanunue viatu vya breki vilivyo bora.

Jioni ya kuamkia safari yafaa mashine isimamishwe mahali penye mwanga na kutazamwa polepole. Mnyororo uguswe katikati, upande wa chini: katika pikipiki nyingi ndogo wapaswa kucheza kati ya milimita 20 na 30, ingawa kitabu kilichokuja na mashine ndicho cha kuaminiwa. Mnyororo uliokazwa mno ni hatari sawa na uliolegea, maana abiria akikaa nyuma huzidi kuvutika hata kukatika. Oili ipimwe pikipiki ikiwa imesimama wima, wala si kuegemea stendi ya pembeni. Tairi zipimwe upepo zikiwa baridi, na ile ya nyuma iongezwe kama mtu atachukuliwa. Nati za magurudumu, waya wa klachi, taa ya nyuma, honi: mambo hayo huchukua dakika chache tu. Msafiri na achukue pia plagi moja ya akiba, spana zake, pampu ndogo, na viraka vya mpira wa ndani. Hati za mashine na bima viwe mfukoni, si nyumbani katika sanduku.

Juu ya mavazi, sheria ya Kenya tangu ilipobadilishwa mwaka 2012 yasema wazi kwamba mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae kofia ngumu na koti la kung'aa, na ya kwamba abiria awe mmoja tu. Wengi hununua kofia ya pili kwa ajili ya askari, wakaifunga nyuma ya kiti kama kibuyu, na abiria akasafiri kichwa wazi. Kofia iliyofungwa kwenye kiti haijapata kuokoa fuvu la mtu. Kadhalika kofia iliyokwisha kugonga barabara mara moja haifai tena, hata ikionekana nzima kwa nje, kwa sababu sehemu ya ndani iliyowekwa kupokea pigo huwa imekwisha kubonyea.

Mtu akitoka Nairobi alfajiri, akapita Kangemi na Kinoo, huanza kupanda bila kujua. Barabara ni pana na laini, na injini yaonekana kuwa na nguvu zake zote. Lakini mji wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na nchi ya Limuru yapita mita 2,200. Huko juu hewa ni nyepesi. Kanieneo yake ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Pikipiki yenye kabureta iliyorekebishwa pwani hufika huku ikinywa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, ikatoa moshi mweusi na kuchoka vilimani, na plagi yake hutoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Si ugonjwa wa injini huo. Fundi anayejua kazi yake huirekebisha kabureta kwa muda mfupi, na mwenye pikipiki asikubali kufunguliwa injini nzima kabla jambo hilo halijatazamwa.

Ni nchi nzuri sana hii. Miche ya kwanza ya chai iliyoletwa kutoka India ilipandwa Limuru mwaka 1903, na hata leo mashamba yake ya kijani yalala juu ya vilima kama mkeka uliotandikwa na mtu mwenye mikono mitulivu. Chai hupenda ukungu, lakini mwendeshaji haupendi. Katika miezi ya Juni na Julai huteremka mzito hata mtu asiione nguzo iliyo mbele yake. Kioo cha kofia hufanya umande, vidole hufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi hauwezi kushika breki kwa haraka. Hapo glavu si anasa. Wazee wa pikipiki hukunja gazeti walilokwisha kusoma wakalitia kifuani chini ya koti, nalo huzuia upepo vizuri kuliko sweta nyingi. Taa na iwashwe, mwendo upunguzwe, na kama lori limesimama kando, mtu asidhani ya kwamba limesimama peke yake.

Hapo Rironi barabara hugawanyika. Moja hupita juu, kwa njia ya Kimende na Soko Mjinga, ikafika Naivasha kwa kuzunguka ukingo wa milima. Nyingine hushuka moja kwa moja kwenda Maai Mahiu, nayo ndiyo njia ya kale iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia katika miaka ya vita kuu ya pili. Mtu akifika ukingoni, ardhi hukatika mbele yake. Bonde lote hufunguka chini, tambarare na rangi ya udongo, na Longonot yenye mdomo wazi husimama upande mmoja na Suswa upande mwingine. Wauzaji wa ngozi za kondoo na vinyago wamejenga vibanda vyao papo hapo, na nyani hukaa juu ya ukuta wakingoja maganda ya ndizi. Yafaa kusimama hapo, si kwa ajili ya kutazama tu, bali kupumzisha mikono na kuzigusa breki mara ya mwisho kabla ya kushuka.

Maana hapa ndipo wengi wanapofanya jambo la kushangaza. Huitoa pikipiki katika gia, huzima injini kabisa, na kuiacha iteremke yenyewe ili kuweka akiba ya petroli. Mashine huenda kimya, upepo huvuma masikioni, na mwendeshaji hujiona mjanja kuliko watu wa mafuta. Na tuihesabu akiba hiyo. Injini ndogo ya sentimita za ujazo 100 au 150, mkono wa petroli ukiwa umefungwa, hutumia kidogo mno. Katika mteremko wote petroli iliyookolewa haizidi sana kikombe kimoja cha chai. Kwa kikombe hicho mtu ameuza kizuizi chake kilicho bora kuliko vyote, yaani injini yenyewe. Tena katika pikipiki nyingi ndogo taa kubwa hupata umeme wake kwa mzunguko wa injini, kwa hiyo aliyezima injini usiku amezima na macho yake.

Sasa uzito wote wa mashine, wa mwendeshaji, wa abiria na wa gunia la viazi waangukia viatu viwili vidogo vya breki. Vikisugua ngoma mfululizo kwa kilomita kadhaa, joto huzidi, na vikisha kupata moto sana havishiki tena, hata mguu ukikanyaga mpaka mwisho. Breki hazikukatika, zimechoka tu. Mtu akigundua jambo hilo mbele yake pana kona, na ndani ya kona pana lori lipandalo polepole, hana tena la kuchagua.

Mwenye busara hubadili gia kabla ya kuufikia mteremko, wala si katikati yake. Gia ambayo ingeweza kumpandisha mahali pale ndiyo imfaayo kuteremkia: mara nyingi ya tatu, na penye mwinuko mkali ya pili. Akifunga mkono wa petroli, injini huishika pikipiki kama mtu ashikaye kamba ya ng'ombe mkaidi. Breki huachiwa kazi ndogo ya kupunguza mwendo kabla ya kona, zote mbili pamoja, kisha huachwa zipoe. Wako wengi waiogopao breki ya mbele kwa kuwa waliona mtu akipinduka mchangani; lakini juu ya lami kavu, pikipiki ikiwa imenyooka, hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa uzito huegemea mbele mtu anaposhuka na kusimama. Isibanwe kwa ghafula, wala ndani ya kona, wala penye mchanga au dizeli iliyomwagika. Ikisikika harufu ya kuungua, msafiri atafute mahali papana kando ya barabara akae robo saa. Asimwage maji juu ya ngoma ya moto, maana chuma kilichopozwa ghafula huweza kupasuka.

Abiria naye ana kazi yake. Akishtuka kwenye kona na kujivuta upande wa pili, huipinga pikipiki nzima. Aambiwe mapema kwamba alale pamoja na mwendeshaji na ashike vizuri. Akina mama wengi wamezoea kukaa upande, miguu yote pamoja, kwa ajili ya heshima. Desturi hiyo yaweza kuvumiliwa katika njia ya kwenda sokoni, lakini si katika mteremko huu. Suruali chini ya kanga humaliza neno hilo bila aibu kwa mtu yeyote.

Karibu na mwisho wa mteremko, kando kabisa ya barabara, lipo kanisa dogo la mawe ambalo Waitalia wale walilijenga mwaka 1942. Ni dogo hata watu wachache hulijaza. Malori hulipita mchana na usiku, na wasafiri husimama humo kuomba au kukwepa mvua.

Maai Mahiu maana yake ni maji moto kwa Kikuyu, nao ni mji wa madereva, wa chapati, na wa punda wavutao mikokoteni ya maji. Punda haogopi honi, na hilo lafaa kukumbukwa. Lakini maji ya huku hayatoki mferejini tu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili mwaka 2024, mafuriko yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakafagia nyumba, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mwaka 2018, mwezi wa Machi, barabara iendayo Narok ilikatwa na ufa mkubwa baada ya mvua nyingi. Udongo wa bonde hili ni mwepesi, nayo maji huula kwa chini huku lami ikionekana nzima kwa juu. Mwendeshaji akikuta maji yanayotembea juu ya barabara, asiyajaribu kwa sababu mwenzake amepita, angoje. Akilazimika kupita dimbwi lililotulia, akitoka abonyeze breki kidogo kidogo kwa mwendo wa polepole mpaka zikauke, kwa kuwa ngoma iliyoingia maji haishiki.

Kutoka hapo mpaka Naivasha adui ni upepo. Hushuka Longonot kwa ubavu, ukiwa na vumbi, na basi likipita huukata kwa nukta moja kisha huuachia tena, pikipiki ikayumba. Mikono isikaze usukani. Mwili uinamishwe kidogo, na pawe na nafasi pande zote mbili. Wenye haraka huumia hapa zaidi kuliko mlimani, kwa sababu njia imenyooka nao huamini kwamba hatari imekwisha.

Baada ya Naivasha safari ni ya raha. Gilgil hupitwa, harufu ya nyama ya kuchoma ya Kikopey humfikia mtu kabla ya kuona moshi, na upande wa kushoto hung'aa ziwa la Elementaita, lililotiwa mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Flamingo wakiwapo, ukingo wake huwa na mstari mwekundu hafifu.

Mtu akifika Nakuru asikimbilie chakula. Kwanza auweke mkono karibu na kila ngoma ya gurudumu bila kuigusa: ile iliyo moto kuliko mwenzake yaonyesha breki inayosugua daima, na yapasa kulegezwa. Mnyororo upakwe oili ungali na joto, kwa kuwa ndipo inapopenya. Kisha injini iachwe ipoe dakika kumi kabla ya kupima oili yake, na kama imepungua iongezwe jioni ileile, kwa sababu kesho njia ya kurudi yapanda.