Kanuni ya kompyuta na kijiji chako

Familia zilizokimbia huniuliza swali moja: kwetu kukoje? Mtu wa Nyabiondo hataki habari za Kivu Kaskazini nzima. Anataka za Nyabiondo, na za juma hili. Kwa hiyo makala zote za intaneti zinazotaja Masisi na Walikale ninazihifadhi, na kazi ya kuzipanga nimeiachia programu.

Ninatumia wallabag. Ndani yake unaandika kanuni: makala ikiwa na neno fulani, iwekewe lebo fulani. Baada ya hapo kila makala unayohifadhi inapata lebo yenyewe.

Lakini kanuni inaona herufi, haijui mahali. Chukua Pinga, kule Walikale. Ukiiandikia kanuni neno hilo peke yake, kila habari ya Kiswahili yenye "kupinga" au "wanapinga" itaingia humo, hata kama ni ya bunge la Nairobi. Ndiyo maana kanuni yangu inadai maneno mawili pamoja: Pinga na Walikale. Kitshanga ni kinyume chake: wengine wanaandika Kitchanga, basi kanuni inakubali tahajia yoyote kati ya hizo mbili. Masisi nayo ni jina la teritware nzima na pia la mji wake mkuu, kwa hiyo Masisi-centre ina lebo yake ya pekee.

Jambo zito zaidi ni tarehe. Waasi wa M23 waliingia Walikale-centre tarehe 19 Machi 2025, na mwanzoni mwa Aprili wakaondoka. Makala za siku hizo zote zina lebo moja ya Walikale, ila moja inasema kimbieni na nyingine inasema wameondoka. Baba anayetaka kurudisha watoto nyumbani akishika ile isiyofaa, lebo haitamwokoa. Kwa sababu hiyo ninasoma tarehe kwanza, halafu makala yote, kisha ninapigia simu watu wa huko kabla sijasema neno hewani. Lebo inanionyesha makala iko wapi. Haiwezi kuniambia kama njia ni salama leo.

Kuna lebo moja ambayo siiweki kamwe: jina la mtu aliyenipa habari. Simu inaweza kukaguliwa kwenye kizuizi chochote, na orodha ya majina ni hatari kwa wenyewe.

Mkiniandikia, tajeni kijiji, grupma na teritware, na mwandike jina la kijiji jinsi wenyeji wanavyoliandika. Kama lina tahajia mbili, nipeni zote mbili, nami nitaziongeza kwenye kanuni.